Chupa 54: siku yangu na hesabu ya shampeni

Saa 12 asubuhi. Hata chai sijanywa, daftari liko wazi. Leo jioni kuna jubilei ya miaka 25 ya ndoa, waalikwa 140, na mimi ndiye wa vinywaji. Wiki nzima kaka yake mwenye shughuli ananipigia simu na wimbo ni uleule: "Binti, watu 140, kila mmoja glasi tatu, chupa inatoa glasi sita. Leta chupa 70 tulale." Hesabu yake haina kosa. Kosa liko kwa hao watu 140.

Natoa watoto 18. Natoa 30 waliojibu mwaliko kwamba kilevi hawatumii. Wamebaki 92. Hawa nawapa glasi mbilimbili za mapokezi, mililita 125 kila moja. Chupa ya mililita 750 ndipo inapotoa hizo sita za mzee. Glasi 184 gawa kwa 6, chupa 31. Glasi ya kutakiana heri naishusha hadi mililita 100, maana wengi huonja mara mbili wakaisahau mezani. Hapo chupa inatoa saba, hivyo chupa 14. Jumla 45. Naongeza kama moja ya kumi, kwa yatakayomwagika na kwa mgeni atakayekuja na mgeni wake: 50. Katoni zangu ni za chupa sitasita, basi 54. Katoni moja kati ya hizo ni demi-sec, yaani shampeni tamu kiasi, ya wakati wa keki. Nyingine zote ni brut, ambayo sukari yake haifiki gramu 12 kwa lita, na ukiinywa na keki tamu inakunja uso.

Wale 48 nao watanyanyua glasi. Chupa 7 za sharubati ya zabibu yenye gesi, kwenye glasi zilezile, asijulikane nani anakunywa nini. Hawa husahaulika mno, na ndio wanaoishia kupewa shampeni wasiyoinywa.

(Jina shampeni ni la mvinyo wa jimbo la Champagne, Ufaransa. Lakini hata ukinunua prosecco ya Italia au cava ya Hispania, chupa ni ileile na hesabu haibadiliki.)

Saa 3. Ukumbini, glasi. Nachukua moja, naielekeza kwenye mwanga, nainusa. Inanukia sabuni. Zote zinarudi kwenye maji safi, kwa sababu utando wa sabuni unaua povu, na mgeni atasema nimemletea shampeni iliyolala.

Saa 5. Mwenye shughuli amekuja na picha kwenye simu: mnara wa glasi, ngazi nne, unamimina ya juu na shampeni inatiririka hadi za chini. Ngazi nne ni glasi 16, 9, 4 na 1, yaani 30, na lazima ziwe zile pana za bakuli. Nimeuona mnara mara nyingi. Unapigwa picha, kisha glasi za pembeni zinanata hadi mashikio na hakuna anayezigusa. Tumeelewana ngazi tatu, glasi 14. Dada wa watu hakufurahi sana.

Saa 8 mchana. Katoni mbili zilishalala kwenye friji. Chupa 42 zilizobaki nitazitia kwenye mabeseni kwa zamu, barafu na maji. Barafu tupu inaigusa chupa hapa na pale. Maji yanaikumbatia yote, na nusu saa inatosha kuifikisha nyuzi 8 hadi 10. Hii nayo ni hesabu. Ndani ya chupa kuna mgandamizo wa kama angahewa 6, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari. Ukiifungua ikiwa na joto, glasi nzima inaishia sakafuni. Fanya hivyo mara saba, umepoteza chupa.

Zile za friji hazigusi maji ng'o. Muuzaji amekubali kupokea zitakazobaki, ila si chupa iliyobanduka lebo.

Saa 10. Wahudumu. Waya unalegezwa kwa nusu-zungusho sita, kidole gumba kikiwa juu ya kizibo muda wote. Inamisha chupa, shika kizibo kisitembee, zungusha chupa yenyewe. Kijana mmoja akajaribu, ikatoka pumzi tu, fsss.
"Dada, mbona haijalia paa?"
"Ikilia paa, umemwaga."

Saa 12 jioni. Mapokezi. Waliochelewa wamenisaidia: chupa 29 badala ya 31, mnara ukiwemo.

Saa 2 usiku. Hotuba. Nilisema kumimina kusianze mpaka msemaji wa mwisho asimame; wahudumu wanne wanamaliza ukumbi kwa dakika kumi. Msemaji wa kwanza ni nani? Yuleyule mzee wa chupa 70. Akaanzia siku ya posa. Alipofika mtoto wa pili, nikamwona kijana wangu wa fsss ameshajaza meza mbili nzima, glasi 14. Dakika 25 baadaye viputo vimekwisha na glasi zina uvuguvugu. Nikaziondoa kimyakimya, tukamimina upya. Chupa mbili hizo. Sikumgombeza, saa ya kugombeza haikuwapo.

Saa 5 usiku. Nahesabu nikiwa nimevua viatu. Brut: 29 za mapokezi, 16 za kutakiana heri, zimebaki 3. Demi-sec: zimekwenda 4, zimebaki 2. Mzee akaja kusimama nyuma yangu.
"Zimetosha?"
Nikamwonyesha chupa tano zilizofungwa. Akaziangalia, akainua moja, na lebo ikabaki mezani. Kuna mtu aliitia kwenye beseni. Nne zitarudi dukani kesho. Hiyo ya tano mzee ameondoka nayo, kaibana kwapani.