Mbu aliyeniuma naye alikuwa ameambukizwa

Leo asubuhi kidole cha kati cha mkono wa kulia kimekataa tena kukunjika. Nimekiloweka kwenye maji ya moto hadi kikalegea. Ni kumbukumbu niliyoachiwa na Januari ya 2018, chikungunya, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu na inayoumiza viungo, ilipotembea mitaa ya Mombasa. Mama alidhani ni malaria. Tukapima, hakuna. Siku ya tatu nilishindwa hata kushika kikombe, akawa ananinywesha uji kwa kijiko, mtu mzima mimi.

Jina lenyewe ni la Kimakonde. Ugonjwa ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1952 na 1953, huko kusini mwa Tanganyika, Wamakonde waliuita kwa kile walichokiona: mtu aliyekunjamana.

Miaka yote hii nilimwona mbu kama sindano chafu tu, anachota damu hapa, anachoma pale. Wiki hii nimekuwa nikisoma habari zake usiku, na nimegundua sivyo kabisa. Virusi huanza kwa kumwambukiza yeye. Huingia na damu, huzaana kwenye utumbo wake, husambaa mwilini, na baada ya siku kadhaa hufika kwenye tezi za mate. Hapo ndipo anapoweza kutuambukiza.

Naye hakai tu akiangalia. Hana kingamwili kama zetu, ila ana njia ambayo nimeisoma mara tatu kwa jinsi ilivyonivutia. Virusi hivi vinapojinakili ndani ya seli, hutokea RNA (uzi wa kemikali unaobeba maagizo ya kirusi, kama maandishi ya herufi) ya nyuzi mbili zilizoshikana, ndefu kuliko zile za seli yenyewe. Kimeng'enya kiitwacho Dicer-2 huinasa na kuikatakata vipande vya herufi 21. Kisha protini nyingine, Argonaute-2, huchukua uzi mmoja wa kipande hicho na kuzunguka nao, kama mtu aliyepewa upande mmoja wa khanga akaambiwa autafute mwenzake. Ikikuta RNA ya kirusi inayolingana na uzi ule, inaikata papo hapo. Kirusi kinawindwa kwa kipande cha mwili wake chenyewe!

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwaambukiza mbu virusi vya Sindbis, ndugu wa chikungunya, walivyovipachika protini ya kuzima kinga hiyo. Virusi vikaongezeka kupita kiasi, na mbu wakafa kwa wingi. Kwa kawaida hawafi. Hapo nikaweka simu chini. Kinga ya mbu haivimalizi virusi, inavipunguza tu kiasi cha yeye kuendelea kuruka, kuuma na kutaga. Hubaki navyo hadi kufa kwake, wiki chache baadaye. Yaani yule jike aliyeniuma aliweza kunifikia kwa sababu kinga yake ilikuwa imemweka hai.

Sijui kwa nini jambo hili limenigusa hivi. Mimi mwili wangu ulivifukuza virusi vyote, lakini mpaka leo sifungui kifuniko cha chupa bila kuumia. Yeye alibaki navyo na akaruka.

Alasiri nilikagua pipa tunalowekea maji, maana mfereji hutoka mara mbili kwa wiki. Kifuniko kilikuwa kimesogea, na viluwiluwi vilikuwa vikicheza juu ya maji. Mama akasema, "Mwaga yote, mwanangu, tutanunua ya mkokoteni." Nikalipindua kwa mkono wa kushoto.