Kizibo cha Kumi na Mbili

Jumapili binti yangu alishusha chupa ya mafuta ya nyonyo kutoka juu ya kabati, akakitazama kizibo chake kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaniuliza, “Baba, mbona hiki kina ufa na hukitupi?” Nilimjibu kwamba ni cha Mjomba. Jibu hilo lilimtosha yeye, mimi halikunitosha, na harufu ya nyonyo iliyobaki vidoleni ilinirudisha Keko, Dar es Salaam, ndani ya kile kibanda cha mabati nilimofanya useremala na Mjomba, mwaka 1998.

Oda ilikuwa ya vizibo 12 vya mpingo kwa mwenye duka la vinyago pale Mwenge, na 11 vilikuwa vimekwisha. Mashine yetu ya kukerezea ilizoea miguu ya vitanda vya mninga. Mpingo tulikuwa nao kwa sababu tu Mjomba hakuruhusu hata kipande cha magogo ya Kilwa kitupwe, akisema kuwa mti uliokaa miaka 70 na zaidi ardhini hauwezi kuishia kuwa kuni za chai.

Kipande cha kumi na mbili kilikuwa kizuri kuliko vyote, cheusi tii, chenye mstari wa mti mweupe wa nje uliopita ubavuni kama mwezi mwandamo. Mjomba alikwenda kuswali Alasiri akaniachia. Nilikikereza kwa bobari mpaka kikapata umbo la bibo, nikapunguza shina lake hadi milimita 17, nikachonga mifereji miwili ya ringi za mpira, kwa maana mpingo haubonyei, na bila mpira kizibo chake hakishiki kwenye kioo. Hadi hapo mkono wangu haukukosea mahali.

Msasa ndio unaotaka subira. Mpingo una mafuta yake, na ukisuguliwa mkavu kwa kasi hupata joto upesi sana. Ndiyo maana Mjomba alilowesha msasa kwa mafuta ya nyonyo, akapunguza mwendo wa mashine, na kila baada ya muda mfupi akauacha mti upoe. “Mjomba,” alikuwa akiniambia, “ukihisi kidole kinaungua, ujue mti umeshaungua kabla yako.” Siku ile nilitaka arudi akute kizibo kinang’aa. Nilipita msasa namba 120, nikapita 240, nikafika 400 bila tone la mafuta, mashine ikiwa kwenye mwendo mkali, na weusi ule ulianza kutoa mng’ao wa maji ya kisimani usiku, nami nikazidi kukandamiza. Kidole kiliungua. Nilikihisi, nakumbuka vizuri kwamba nilikihisi, na sikukiondoa. Kisha nikasikia mlio mdogo, mkavu, kama ganda la mbaazi linalopasuka juani, na nilipozima mashine niliona ufa utosini, mwembamba kama unywele, umetoka katikati na kuelekea upande wa pili wa ule mstari mweupe.

Mjomba aliporudi nilikuwa bado nimesimama pale pale. Hakusema neno. Alikitoa kizibo mashineni, akakipitishia kidole gumba, akakitia mfukoni mwa kanzu, akachukua kipande kingine. Kabla ya Magharibi alikuwa amekereza kizibo kipya, amekipaka nta ya nyuki kikiwa kinazunguka, na kukisugua kwa kitambaa hadi nta ikayeyuka na kuingia ndani ya mti. Oda ikaondoka kesho yake. Habari ile haikuzungumzwa tena, wala siku ile, wala miaka yote niliyokaa naye.

Alipofariki mwaka 2011 nilipewa vyombo vyake vya kazi, na kati yake ilikuwamo chupa ya nyonyo iliyozibwa kwa kizibo kile. Shingo ya chupa ilikuwa nyembamba, hivyo alikuwa amekirudisha mashineni, akalipunguza shina na kulizungushia ukanda wa ngozi. Kazi hiyo alinificha, au aliifanya siku ambazo sikuwapo. Ufa wenyewe hakuuziba. Ni yeye aliyenifundisha kuufuta ufa wa mpingo kwa spiriti, ili mafuta ya mti yasiikatae gundi, kisha kuujaza kwa gundi na unga wa mpingo huo huo hadi jicho lisiuone, na mafundi wengi wa Keko walimletea kazi zao zilizopasuka. Huu wa kwangu aliuacha wazi, juu ya chupa ile ile ambayo siku ile sikuigusa. Nimewahi kuamini kwamba alinihurumia, na kuna miaka nimeamini kwamba alinihukumu.

Nilimweleza binti yangu haya yote, kwa maneno machache zaidi. Nilipoirudisha chupa juu ya kabati nilikigeuza kizibo ili ule mti mweupe uelekee mbele. Alisogeza kiti, akapanda, akakigeuza tena hadi ufa ukaonekana.