Maji Moto ya Jua Pwani: Onja Kisima Kabla ya Kununua Paneli

Mtambo wa maji moto wa sola ukifa mapema Lamu au Malindi, kosa usilitafute angani. Jua tunalo, hata miezi ya kusi. Kinachoua mitambo hii ni maji tunayoyatia ndani yake. Visima vingi vya kisiwa cha Pate, na vya vijiji vilivyo karibu na bahari upande wa Malindi na Magarini, vina maji ya chumvi. Hata pale chumvi isipokolea ulimini, maji yamepita kwenye mwamba wa matumbawe na kubeba chokaa. Ukiyapasha moto, chumvi hula chuma na chokaa huganda kwenye mabomba.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha jikoni. Tazama birika la chai lililotumika mwezi mzima: likiwa na gamba jeupe ndani, maji yako yana chokaa, na gamba hilo hilo litajaa ndani ya paneli, lile bamba lenye mabomba ambamo maji hupashwa na jua. Povu la sabuni likikataa kushika, hiyo ni dalili ya pili. Chumvi ni afadhali ipimwe kwa kile kipimio kidogo cha mkononi kinachosoma kwa mikrosimensi (yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme), kwa sababu ulimi huchelewa. Tangi la chuma cha pua huweza kutobolewa na maji moto yenye kloridi, sehemu ya chumvi, ambayo mnywaji hajaihisi bado. Kipimio kikisoma zaidi ya 1,000, mimi simshauri mtu anunue mtambo unaopitisha maji ya kisima moja kwa moja kwenye paneli, hata muuzaji aahidi nini.

Jambo la pili ni kiasi. Lita 1 ya maji hutaka wati-saa 1.16 ili ipande nyuzi 1. Maji ya tangi letu la nje huwa nyuzi 27 hivi, na ya kuogea yanatosha yakifika 40. Ndoo ya lita 20 basi inahitaji wati-saa 300 tu, na hapa pwani tuna bahati, kwani anayeishi kwenye baridi ya milimani huanzia chini sana kuliko sisi. Ukizitoa wati-saa hizo kwa kuni juu ya mafiga matatu, ambapo sehemu kama moja kwa nane ya moto ndiyo inayoingia majini, utachoma zaidi ya nusu kilo ya kuni kavu kwa ndoo moja. Nyumba ya watu 6 wanaooga maji ya moto kila siku itamaliza zaidi ya tani moja kwa mwaka kwa kuoga tu, kabla hujahesabu wali na chai.

Lakini ni nyumba chache za kijijini ambamo watu 6 huoga maji ya moto kila siku, hasa wakati wa kaskazi. Wanaoyahitaji kweli ni mzazi anayekandwa ndani ya siku zake arobaini, mtoto mchanga, wazee, na anayetawadha alfajiri ya Julai. Lita 40 hadi 60 kwa siku zinawatosha. Mtu akinunua mtambo wa lita 300 kwa mahitaji hayo, ametia pesa kwenye tangi ambalo maji yake mengi hukaa bila kutumika, na maji yaliyotuama yakiwa vuguvugu ni makao mazuri ya vijidudu. Tangi lipande hadi nyuzi 60 walau mara moja kwa wiki, na maji yake yawe ya kuogea na kuoshea. Ya kunywa yachemshwe mbali.

Kwa lita 40, fundi seremala anatosha. Tengeneza sanduku la mbao lenye nafasi ya ndani ya sentimita 90 kwa 65, kina sentimita 30. Chini na pande zote weka kizuizi cha joto cha sentimita 7 hadi 10: sufi, usumba wa makumbi uliochambuliwa, au kumvi za mpunga. Kikauke juani siku mbili kwanza, kisha ukifunge ndani ya karatasi ya nailoni, maana kikilowa hakizuii tena joto, na unyevu wa pwani hauombi ruhusa kuingia. Juu ya kizuizi tandika bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Laza humo mitungi miwili ya plastiki ya lita 20, nayo ipakwe nyeusi, vifuniko vikiwa upande wa juu na vimelegezwa kidogo ili hewa itoke. Mtungi uliofungwa kabisa huvimba na kupasuka mshono. Funika sanduku kwa kioo cha milimita 4, ukizungushia ukingo ukanda wa mpira. Plastiki angavu ni rahisi zaidi, lakini jua huifanya ya manjano na kazi yake hupungua.

Ukijaza saa 2 asubuhi siku ya jua, alasiri saa 9 maji yatakuwa kati ya nyuzi 45 na 50. Kosa la wengi huanzia hapo. Wanayaacha mpaka usiku, na kioo kilichoingiza joto mchana ndicho kinacholitoa jua likishuka. Saa 10 jioni funika kioo kwa ubao wenye godoro kuukuu, au toa maji uyahifadhi ndani ya nyumba.

Anayetaka koki bafuni ahitaji paneli na tangi. Paneli bapa ya mita mraba 2 na tangi la lita 150 vinaendana. Siku nzuri maji hupanda nyuzi 30 hivi, yaani kutoka 27 hadi karibu 57. Hapa hatuhitaji pampu wala umeme, kwa kuwa maji yakipata joto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi tangini, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi. Ila mzunguko huo ni dhaifu sana, na kila uzembe wa fundi huusimamisha.

Sehemu ya chini ya tangi iwe juu ya ncha ya juu ya paneli kwa sentimita 30 au zaidi. Ikiwa sawa au chini, usiku mzunguko hugeuka na paneli hupooza tangi hadi alfajiri. Bomba la maji moto kutoka paneli lipande mfululizo bila kushuka hata kidole kimoja. Popote linapopinda kama mgongo wa ngamia hewa hukwama, na hewa ikikwama maji hayapiti. Nikiambiwa "sola haifanyi kazi" na kioo ni kizima, kitu cha kwanza ninachoangalia ni mgongo huo. Tumia bomba la inchi 1, elbo chache iwezekanavyo. Tangi la maji baridi liwe juu ya tangi la moto, na juu ya tangi la moto utoke mrija wa kupumulia unaopita usawa wa maji baridi kwa sentimita 30. Usiutie koki, wala usiruhusu mtu auzibe kwa sababu unadondoka. Ukidondoka, shida ni boya la tangi la baridi, lile linalofunga maji tangi likijaa.

Mwelekeo una habari njema kwetu. Paneli ielekee kaskazini, kwa kuwa Juni na Julai, wakati maji moto yanatafutwa, jua la adhuhuri liko kaskazini mwa utosi kwa nyuzi 20 na zaidi. Huhitaji dira. Makka iko karibu kaskazini kabisa kutoka Lamu na Malindi, basi paneli ikielekea kibla cha msikiti wa kijiji, imeelekea sawa. Mteremko wa nyuzi 15 unatosha: paneli ya urefu wa mita 2, ncha ya juu iwe juu ya ya chini kwa sentimita 52. Ukilaza zaidi ya hapo, mzunguko unakuwa mvivu na vumbi halioshwi na mvua.

Mahali pa kuiweka panataka akili. Tangi la lita 150 likijaa lina kilo 150 za maji peke yake, na paa la makuti halibebi mzigo huo. Kwenye nyumba ya makuti jenga jukwaa la matofali au la nguzo kando ya bafu. Nyumba ya sakafu ya boriti na chokaa inabeba, lakini miguu ya stendi ikae juu ya ukuta, si katikati ya boriti. Na usiiweke chini ya mnazi, hata kama ndipo bafu lilipo. Kivuli cha kuti moja kikipita juu ya paneli kinapunguza joto, na nazi moja ikianguka inamaliza kioo.

Sasa turudi kwenye chumvi. Dawa yake ninayoiamini ni kutenganisha maji. Kuna mitambo ambayo maji yanayozunguka kwenye paneli hayachanganyiki kabisa na ya kuogea; yanazunguka kwenye koti la nje ya tangi na kupitisha joto kupitia ukuta wake. Maji hayo ya mzunguko ni lita chache, na yanajazwa mara moja. Jaza ya mvua, yaliyokingwa kwenye mabati au kutoka jabia, baada ya mvua ya kwanza kuosha paa. Paneli haitaona chokaa tena. Tangi la ndani bado linakutana na kisima, kwa hiyo ulizia fito la magnesi lililo ndani yake. Chumvi hula fito hilo badala ya kula tangi. Mwaka wa kwanza lifunguliwe baada ya miezi 6 litazamwe. Likiwa limebaki uzi tu, badilisha, na ujue kwamba kwa maji yako miezi 6 ndiyo kalenda.

Mirija ya kioo yenye utupu, ambayo ndiyo imejaa madukani, hupasha vizuri hata siku ya mawingu, lakini ile ambayo maji hukaa ndani ya mrija wenyewe hukusanya chokaa na tope chini, pasipofikika kwa brashi. Kwa anayetumia maji ya bomba yaliyo safi haina ubaya. Kwa maji ya bwawa wakati wa masika, yatulize siku nzima kwenye pipa kabla ya kuyapandisha. Na mirija mitupu isijazwe adhuhuri. Mrija mkavu juani hupita nyuzi 200, na maji baridi yakiugusa unapasuka. Jaza alfajiri, au jioni jua likishazama.

Mabomba: yale ya plastiki ya maji baridi yasitumike upande wa moto, hulegea. PPR, plastiki ngumu ya maji moto, inafaa, lakini ivishwe, kwa kuwa jua huikausha na kuipasua. Shaba isitangulie bomba la chuma lenye zinki katika mkondo wa maji, maana chembe za shaba zikitua kwenye zinki huitoboa. Boliti ziwe za chuma cha pua. Misumari ya kawaida kwenye upepo wa bahari huoza mapema.

Shawa ya umeme naiacha kando. Huvuta wati 5,000 na zaidi, na sola ya nyumbani ya wati 100 au 200 haiwezi hata kuianzisha. Penye umeme wa gridi na maji ya chumvi, shawa isiyo na waya wa ardhini ni hatari kwa uhai, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu.

Siku za mawingu ya Mei bado zitahitaji moto kidogo. Usipashe ndoo nzima. Lita 3 na nusu zilizochemka kabisa, zikichanganywa na maji ya tangi la baridi, zinatoa ndoo ya lita 20 yenye nyuzi 40. Zichemshe usiku kwenye jiko la kuni lililofungwa pande zote, sufuria ikiwa na mfuniko, uzimimine kwenye chupa za chai. Alfajiri zikiwa zimepoa kidogo, ongeza nusu lita kwenye hesabu.

Kioo kioshwe kwa maji matamu kila wiki mbili, kabla jua halijapanda, kwani chumvi ya upepo hutanda juu yake kama ukungu. Chokaa kwenye paneli ya kawaida hutolewa kwa siki: funga koki mbili za paneli, mwaga maji yake, jaza siki iliyozimuliwa nusu kwa nusu, iache usiku kucha, kisha suuza mara tatu. Penye watoto weka valvu ya kuchanganya kabla ya koki ya bafu, iwekwe nyuzi 42, kwa kuwa mchana wa Februari, kama maji hayajatumika siku mbili, tangi hupita nyuzi 70, na hayo huunguza ngozi ya mtoto ndani ya sekunde chache.