Tope la delta husomwa kutoka chini

Ukichomeka bomba la sampuli kwenye delta (ardhi ambayo mto huijenga unapoingia baharini) kubwa kama ya mto Mississippi wa Marekani, anza kusoma chini. Huko kuna tope la mfinyanzi, chembe chini ya milimita 0.004, lililotulia mbali baharini. Juu yake chembe za kati, kisha mchanga (kuanzia milimita 0.063), mwisho mboji na mizizi ya kinamasi. Chembe zinakua kadiri unavyopanda kwa sababu mdomo wa mto husonga baharini na kulifunika tope lake wenyewe. Huna ungo wa kutenganisha chembe? Tafuna kidogo: mfinyanzi ni laini kama siagi, chembe za kati hukwaruza meno. Si utani, wanajiolojia hufanya hivyo.

Kabla ya kuling'oa bomba, pima kina cha tope ndani na nje yake. Limezama mita 6 na ndani kuna mita 5? Umebana mita 1. Usiigawe sawasawa kwa tabaka zote: mboji hubanika sana, mchanga kidogo mno.

Ukikuta mboji imefunikwa tena na tope la bahari, mto ulihama njia. Udongo mpya ukakoma kuja, wa zamani ukaendelea kushindiliwa na kutitia, bahari ikarudi. Mississippi umehama hivyo takriban kila miaka 1,000 hadi 1,500. Leo ungekuwa unamezwa na Atchafalaya, mto jirani wenye njia fupi zaidi ya kufika baharini, ila milango ya kudhibiti maji ya Old River, inayofanya kazi tangu 1963, huruhusu takriban asilimia 30 tu ya maji ya Mississippi na Red River kwa pamoja kupita huko.