Fungu la Aliyekaa na Vyombo

Somo: 1 Samweli 30:21-31

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwulize shabiki yeyote wa Boston Red Sox kuhusu kikosi cha 2004. Atakutajia David Ortiz, Manny Ramirez, Pedro Martinez, na Curt Schilling aliyerusha mpira huku soksi ikilowa damu kifundoni. Klabu ile haikuwa imetwaa ubingwa wa besiboli tangu 1918. Miaka 86! Watu walizaliwa, wakazeeka, wakazikwa wakisubiri. Nami ni shabiki wao, na ile orodha ya wachezaji 25 nimeipitia mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye shughuli zake. Kila nikiipitia, jina linaloninasa ni Dave Roberts.

Roberts aliletwa kutoka Los Angeles tarehe 31 Julai, dirisha la kubadilishana wachezaji likifungwa. Kupiga mpira hakukuwa sifa yake kubwa. Alikuwa na mbio. Usiku wa 17 Oktoba, Red Sox walikuwa wameshapoteza mechi tatu mfululizo za nusu fainali kwa New York Yankees, ya tatu kwa aibu ya 19 kwa 8 nyumbani kwao. Anayeshinda mechi nne ndiye anayesonga mbele, kwa hiyo wakipoteza ya nne, safari imeisha. Awamu ya 9, ya mwisho kama hakuna sare, ikafika wakiwa nyuma 4 kwa 3, na mrushaji wa Yankees ni Mariano Rivera, mtu ambaye akiingia mwishoni wapinzani huanza kufungasha mabegi. Kevin Millar akapata kituo cha kwanza bila kupiga, baada ya mipira minne iliyopotoka. Kocha Terry Francona akamtoa, akamwingiza Roberts akimbie badala yake.

Uwanja mzima ulijua amekuja kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia bila kusubiri mwenzake apige mpira. (Katika mchezo huu wizi wa namna hiyo ni halali, wazee wa kanisa msinijie juu.) Rivera akarusha mpira kituo cha kwanza ili anaswe akiwa amekiacha. Roberts akarudi. Akarusha tena, na tena. Mara tatu Roberts akarudi. Rivera alipomrushia mpigaji hatimaye, Roberts akachomoka, akajitupa kifudifudi, mkono ukafika kituoni kabla ya glavu ya Derek Jeter kumgusa. Bill Mueller akapiga, Roberts akakimbia hadi kituo cha mwisho na kupata pointi, wakawa sare, na awamu ya 12 Ortiz akamaliza kazi. Kuanzia usiku huo Red Sox walishinda mechi nane bila kupoteza hata moja. Tarehe 27 Oktoba walikuwa mabingwa.

Hapo ndipo mahubiri mengi hukomea: kaa benchini kwa uaminifu, ipo siku yako. Ni neno la kutia moyo, silipingi. Lakini kuna jambo halisemwi. Katika fainali dhidi ya St. Louis Cardinals, Roberts hakuingizwa hata mara moja. Mechi nne, yuko benchini. Na pete ya ubingwa alivishwa kama Ortiz.

Katika somo letu, watu wa Daudi walikuwa 600 walipotoka kuwafuata Waamaleki walioteketeza Siklagi, mji wao, na kuchukua wake na watoto wao. Kwenye kijito cha Besori, 200 wakaishiwa nguvu, wakabaki na mizigo. Hawa hawakuwa na siku yao. Hawakuiba kituo chochote. Walibaki kwa sababu miguu iligoma, basi. Wenzao 400 walipigana, wakarudi na kila kilichochukuliwa na nyara juu yake, na baadhi yao wakasema: hawa wapewe wake zao na watoto wao tu, waende zao. Ukweli ni kwamba hoja yao ina mantiki. Wengi wetu tungeiunga mkono kwenye kikao cha kamati.

Daudi hakuwajibu kwa kusema kwamba kulinda mizigo nako ni kazi kubwa. Jibu lake liko mstari wa 23: msifanye hivyo, ndugu zangu, kwa alichotupa BWANA. Tumepewa. Kama ushindi ungekuwa mshahara wa jasho letu, tungepima jasho la kila mmoja na kulipana. Kwa kuwa ni kipawa, aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo fungu lao ni moja, na Daudi akaifanya kuwa amri katika Israeli.

Wachezaji wa besiboli nao wana kikao kinachofanana na kile cha Besori. Fedha za mechi za mwisho wa msimu hutokana na viingilio, na wachezaji wenyewe hukaa na kupiga kura: nani apate fungu zima, nani kipande, nani apewe chochote kati ya wale wanaofua jezi na kubeba mabegi. Kila timu huamua kivyake. Zipo zinazofungua mkono, na zipo zinazobana.

Wengi tukisoma sura hii huishia mstari wa 25. Endeleeni hadi mwisho. Daudi alipofika Siklagi alituma sehemu ya nyara kwa wazee wa Yuda, kwa watu wa Betheli, Yatiri, Hebroni na mahali pote alipokuwa akizunguka na watu wake alipokuwa mkimbizi. Hao hata Besori hawakufika.