Vyombo Vikishatoka Nje, Wakili Amechelewa

Nyumba niliyokuwa nimepanga Tabata iliuzwa nikiwa nimelipa kodi ya miezi sita na kukaa miwili tu. Habari hiyo sikuipata kwa mwenye nyumba. Niliipata kwa dalali yuleyule aliyenitafutia chumba, ambaye alinipigia simu kunieleza kwamba mnunuzi anataka kubomoa na kujenga fremu za maduka, kwamba wapangaji wote tumepewa siku saba, na kwamba yeye anacho chumba kingine Segerea ikiwa niko tayari kumlipa kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi yao. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa amezima simu.

Tulikuwa wapangaji watano. Chumba kilichokuwa mkabala na changu alikaa mama mmoja mwenye watoto wawili, ambaye aliuza vitumbua kila alfajiri kwenye kituo cha daladala, na ambaye kodi yake ya miezi sita ilitokana na mchezo wa wanawake wa mtaani pale. Siku ya tatu alikodi guta, akapakia kitanda, jiko na madumu, akahamia sebuleni kwa dada yake Mbagala. Nilimsaidia kubeba godoro. Hakuna kati yetu aliyemwambia asiondoke, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kwamba anaweza kukataa.

Jioni ya siku hiyohiyo binamu yangu, aliyewahi kupata mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, alinipeleka kwenye ofisi moja inayotoa msaada wa kisheria bila malipo. Dada aliyetupokea aliusoma mkataba wangu wa ukurasa mmoja, akatazama risiti, kisha akaniuliza: "Kaka, wewe una deni lolote?" Nilimjibu kwamba sina. "Basi huyo mzee amenunua nyumba pamoja na wewe ndani yake." Aliandika barua ya aya tatu, akaigonga muhuri, nami nikaipeleka kwa mnunuzi nikiwa na mjumbe. Mnunuzi hakufurahi, lakini alikuwa mtu anayesikia, na tulikubaliana kwamba kila mpangaji amalizie muda aliokwisha kuulipia au arudishiwe fedha ya miezi iliyobaki. Wanne tulinufaika. Mama wa vitumbua alikuwa ameshakabidhi ufunguo, na kila nilipompigia aliniambia kwamba hana nguvu ya kurudi kugombana.

Tangu hapo nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa namna tofauti na zamani. Tunapozungumzia watu wasio na makazi jijini Dar es Salaam, mawazo yetu hukimbilia kwa watoto wanaolala vibarazani Kariakoo. Mpangaji anayepoteza chumba chake haonekani huko. Anaonekana, ukitaka kumwona, kwenye sebule ya shemeji, ambako watu saba hulala juu ya mkeka na magodoro yanayoegemezwa ukutani asubuhi. Au anabaki mjini kwa kujibanza kwa rafiki huku mkewe na watoto wakirudishwa kijijini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na mtu anayelala kwa ndugu yake huhesabiwa kwa ndugu yake kama mwanakaya mwingine yeyote. Undugu wetu ndio unaotuficha, na ndio unaolipa gharama.

Chanzo cha kuanguka mara nyingi ni namna tunavyolipa. Ukidaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na ya dalali, ukitolewa katikati ya muda huo hupotezi chumba peke yake. Unapoteza mtaji uliokusanya kwa nusu mwaka, na chumba kingine kinadai mkupuo mwingine siku hiyohiyo. Ndiyo maana naona barua ya aya tatu ilikuwa na thamani kuliko msaada wowote wa fedha ambao ningepewa mwezi uliofuata.

Sheria yenyewe ipo, ingawa imepungua. Zamani tulikuwa na Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyokuwa na mabaraza yake ya nyumba na iliyombana mwenye nyumba asipandishe kodi wala kumtoa mpangaji atakavyo. Ilifutwa mwaka 2005. Wapo wanaosema ilikuwa ikiwakatisha tamaa watu wasijenge nyumba za kupangisha, na sina ugomvi mkubwa nao. Hata hivyo iliondoka na lile baraza ambalo mpangaji alilijua kwa jina. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo sura yake ya upangaji inasema kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kubughudhiwa na mwenye nyumba wala na mtu anayedai haki kupitia kwake. Mnunuzi wa nyumba ya Tabata alikuwa mtu wa namna hiyo. Sheria hiyo inakubali pia upangaji wa muda mfupi uliofanywa kwa mdomo, na kwa mpangaji mwenye deni inataka taarifa ya maandishi itangulie. Kung'oa mlango, kuezua bati, kukata umeme au kutia kufuli jipya mpangaji akiwa kazini si taarifa.

Lakini ni nani aliyewahi kukaa uswahilini akaisoma sheria hiyo? Na hata ukiisoma, njia ya kwenda kudai haki ina vizingiti ambavyo mtu huvijua akishajikwaa. Mgogoro wa nyumba hauanzii Mahakama ya Mwanzo kama wengi wanavyodhani. Unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi bali linasuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, ndipo unapoweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mbele ya Baraza la Kata mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu, kwa hiyo yule mwenye nyumba tajiri na mpangaji wake wanasimama sawa, angalau kwenye karatasi. Mwenye nyumba atakuwa ameshamuuliza wakili wake nyumbani. Mpangaji naye amemuuliza nani?

Kuna pia suala la stempu, ambalo karibu kila mtu hulipuuza. Mkataba wa pango hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 12,000. Mkataba ambao haujalipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa usipokewe kama ushahidi. Nimeona watu wakibishana kwa ukali kuhusu kifungu cha tatu cha mkataba ambao usingepokelewa na baraza lolote. Dada wa ile ofisi aliligundua jambo hilo kwenye mkataba wangu kabla sijamaliza kukaa vizuri kwenye kiti.

Kwingine wamekwisha kuufanya msaada wa namna hii kuwa haki. Mwaka 2017 New York ilikuwa jiji la kwanza nchini Marekani kuweka sheria ya kumpatia mpangaji wa kipato cha chini wakili wa bure anaposhtakiwa ili atolewe kwenye nyumba, na taarifa za jiji zilionyesha kwamba asilimia 84 ya waliotetewa na mawakili hao walibaki katika makazi yao. Nchini Uingereza, tangu Agosti 2023, mtu aliyepokea taarifa ya maandishi kwamba anatakiwa kuondoka anapata ushauri wa kisheria bure bila kuulizwa kipato chake, na msaada huo unaanza kabla kesi haijafunguliwa. Mpango wa pili ndio unaonivutia zaidi. Wa New York unategemea kuwapo kwa kesi mahakamani, na hapa kwetu mpangaji hufikishwa mahakamani kwa nadra sana. Hutolewa kwa simu ya dalali. Ajabu ya lugha yetu ni kwamba dalali hukuingiza ndani na dalali hukutoa, kwa kuwa hata yule wa mahakama anayekuja na amri halali ya kukuhamisha anaitwa dalali, na wapo wajanja wanaoutumia utata huo kumtisha mtu asiyejua kuomba kuona karatasi.

Si kwamba hatuna pa kuanzia. Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1967. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, wamefanya kazi hii kwa miongo kadhaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu wa mitaani kwetu wasio mawakili, ambao hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani wala kumtoza fedha, lakini wanaruhusiwa kumweleza haki yake, kumsaidia kuandaa nyaraka na kumwonyesha mlango wa kugonga. Tangu mwaka 2023 ipo pia kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, na kila mwaka Wiki ya Sheria huleta mahema na wanasheria wa kujibu maswali bure.

Tatizo langu na mahema ni kwamba hukunjwa. Kodi haisubiri Wiki ya Sheria, na siku saba za mwenye nyumba huisha kabla mtu hajauliza ni daladala ipi inayofika kwenye ofisi ya msaada. Ninachokitamani ni kitu kidogo na cha kudumu: msaidizi wa kisheria mmoja, siku mbili kwa wiki, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo mpangaji hupeleka barua ya utambulisho anapohamia na anapofuata muhuri wa kila kitu kingine. Mwenyekiti wa mtaa kwa sasa ndiye anayesuluhisha migogoro hii, na wengi hufanya hivyo kwa busara. Lakini mwenyekiti huyo huchaguliwa kwa kura, na mwenye nyumba ni mkazi wa miaka thelathini ilhali mpangaji atakuwa kwingine uchaguzi ujao. Msaidizi wa kisheria hana kura za kutafuta.

Najua yatakayosemwa kuhusu wenye nyumba. Wapo wajane wanaoishi kwa kodi ya vyumba viwili vya uani, na wapo wapangaji wanaokaa miezi mitano bila kulipa huku wakinunua televisheni mpya. Mjane huyo naye anahitaji mtu wa kumwandikia taarifa sahihi, kwa sababu akikata tamaa na kuwatuma vijana watoe vyombo, ndiye atakayeonekana mkosaji. Meza hiyo ninayoisema ingekuwa yake pia.

Mama wa vitumbua alinipigia simu mwaka uliofuata. Alikuwa amepata chumba Mbagala, baada ya karibu miezi kumi sebuleni kwa dada yake, na alitaka nimsomee mkataba kabla ya kutoa fedha. Nilimwambia kwamba mimi si mwanasheria, tukaenda pamoja kwa binamu yangu. Kifungu cha nne kilisema kwamba mwenye nyumba anaweza kusitisha upangaji wakati wowote bila kutoa sababu. Binamu akapendekeza taarifa ya miezi mitatu na marejesho ya kodi iliyobaki. Mama alirudi peke yake kwa mwenye nyumba, akamwomba akibadilishe, na yule baba, bila ubishi wowote, alichukua kalamu, akakata mstari, akaandika maneno mapya pembeni, wakasaini wote wawili.