Maumivu ya hedhi baada ya kutolewa fibroidi, mimi nilipambana hivi

Wale mnaoambiwa ukishatolewa uvimbe kwenye kizazi basi maumivu ya siku zako ndo yameisha, kwangu haikua hivo. Nilipasuliwa tumbo, fibroidi zikatolewa kizazi kikabaki, sasa hedhi ya kwanza ilivokuja weee, kiuno, mapaja na pale kwenye mshono vyote vinavuta kwa pamoja, hata kukohoa mpaka ushike tumbo kwanza. Nikahisi wamenisahaulia mkasi ndani. Daktari akasema misuli ya kizazi ilikatwa ikashonwa, bado inapona, na wakati wa hedhi lazima ijikaze itoe damu, kwahiyo za mwanzo zinaweza kusumbua.

Kilichonisaidia zaidi ni kuiwahi dawa. Kizazi kinatengeneza kemikali inaitwa prostaglandini, hiyo ndo inakikaza, na ibuprofeni kazi yake ni kuzuia isitengenezwe, sasa ukisubiri mpaka ujikunje kitandani ni kama kukimbiza basi lililoshaondoka. Mi nikiona tu ule uchafu wa kahawia nakula, nameza, alafu naendelea kwa masaa niliyoandikiwa siku zile mbili za mwanzo hata kama siumwi. Ila mwenye vidonda vya tumbo, pumu au shida ya figo aulize kwanza, hiyo dawa si ya kila mtu.

Chupa ya maji ya moto pia inasaidia sana, niliianza kidonda kilipofunga kabisa, na naizungushia kitambaa maana ngozi ya pale kwenye kovu ina ganzi, unaweza ukaungua usijue.

Ukiona homa, usaha, uchafu wenye harufu mbaya, au pedi inalowa chapachapa kila saa kwa masaa mawili mfululizo, hapo achana na vidonge nenda hospitali. Na aliyetibiwa mlango wa kizazi, akipata maumivu makali alafu damu inatoka matone tu, arudi pia, kovu linaweza kubana njia damu ikakwama ndani.

Saivi naumwa siku ya kwanza tu na kazini naenda, pedi mbili mbili sivai tena. Niliambiwa yakirudi kwa nguvu nisikae nayo, maana fibroidi zinaweza kuota upya, au kuna adenomayosisi, ule ukuta wa ndani unaota kwenye misuli ya kizazi, na hiyo haitoki kwa kutoa uvimbe.